Mgongo wa Baba Kwenye Shimo la Mwisho

9 Machi

Kijiti mwanangu,

Kwa kuwa simu umeifungia kwenye droo mpaka mchujo upite, nimerudi kwenye karatasi. Natumaini u mzima na mgongo umetulia. Sisi tunaendelea. Kikohozi cha mama yako kimekwisha. Sauti imemrudia na majirani wote wanajua imemrudia. Baba yako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ukimwuliza atakwambia ngazi ndizo zilizozeeka. Paka amezaa ndani ya kabati, juu ya nguo zangu za kazi. Sikumfukuza, maana kazi yenyewe nimestaafu.

Nimestaafu nusu, tuseme. Mchapishaji mmoja ameniomba kitabu cha wacheza gofu wa kulipwa waliofika juu, wakaanguka, kisha wakarudi. Baada ya kuandika habari za michezo gazetini karibu umri wako wote, nikaona nitaweza. Ninao watatu tayari. Mzee Kofia aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono wiki moja baada ya kutwaa ubingwa, na aliporudi kushinda tena wapinzani wake walikuwa wakimwita babu. Mrefu aliacha fimbo akaenda kuendesha gari la mikate, akarudi kwa hasira baada ya kusikia redioni kwamba bingwa mpya ni mtu ambaye yeye Mrefu alikuwa akimshinda kila Jumapili. Dada mmoja tunayemwita Haraka aliondolewa mashindanoni kwa kupiga mpira usio wake, na tangu siku hiyo huchora jicho jekundu kwenye kila mpira anaoshika.

Wa nne ni wewe.

Yako ninayoyajua ni yale yanayojulikana na kila mtu. Ukiwa na miaka ishirini na minne ulishinda Kombe la Wazi. Mpira wa mwisho uliusukuma shimoni macho yako yakiwa kwenye shimo, siyo kwenye mpira, nami nikaandika kwamba sijawahi kuona mchezaji anayejiamini namna hiyo. Miaka miwili baadaye, kombe lile lile, unaongoza kwa mkwaju mmoja, ulibakiwa na mpira ulio karibu na shimo, umbali mfupi kuliko mwavuli wangu. Ukaukosa. Ukaurudia, ukaukosa tena. Ukaenda kufundisha michezo shuleni kwa miaka sita. Baba yako, aliyefunga duka lake la ushonaji ili akubebee fimbo, hajakanyaga uwanja wa gofu tangu siku ile.

Sasa Septemba unaingia kwenye mchujo. Watano wa kwanza wanapata ruhusa ya kucheza na wa kulipwa mwaka mzima. Umemwambia mama yako kwamba ukishindwa mara hii fimbo utazigawa na hutaulizwa tena.

Basi nauliza mimi, kabla hazijagawiwa. Nini kilitokea pale kwenye shimo la mwisho? Na kwa nini wewe na baba yako mnasalimiana kupitia kwa mama yako kama watu wa benki mbili?

Nijibu ukipata nafasi. Mimi sina haraka, kitabu ndicho kinayo.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mgongo mzima, mikono mizima, na hamu ya kula imezidi. Nafurahi kusikia Mama amepona. Mwambie asibebe ndoo. Paka mpe pole, na nguo zako pia.

Chumba changu kiko nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi. Kila kitu humu kinanuka petroli, hata mto. Asubuhi nawasaidia wakata nyasi, na badala yake wananiachia eneo la kusukumia mipira mpaka wanachama waanze kufika. Nyasi pale hukatwa fupi kuliko nywele za askari, na zikiwa na umande mpira unaacha mstari nyuma yake, kwa hiyo unaona kosa lako limechorwa chini. Ni mwalimu mzuri na hapigi kelele. Anayepiga kelele ni Kocha Bundi. Jina hilo alipewa kwa sababu hapepesi macho. Jana kaniambia, "Wewe unacheza gofu kama mtu anayeomba radhi." Nikamwambia, "Samahani." Akatupa kofia chini.

Mrefu ninamfahamu. Bado ana ile hasira, muulize habari ya redio ile, anayo mpaka leo na haishiki stesheni nyingine. Haraka naye atakupa mambo. Mwulize kwa nini jicho lile halina kope.

Mpira mrefu naupiga vizuri kuliko nilivyoupiga nikiwa bingwa. Hilo andika.

Msalimie Mama sana.

Kijiti

11 Aprili

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilikuuliza mambo mawili, nawe ukanijibu kuhusu nyasi, petroli, kocha, redio na jicho. Wanasiasa niliowahoji zamani walikuwa wakifanya hivyo hivyo, ila wao hawakuwa wachekeshaji. Halafu nimeona umemsalimia mama yako mara mbili na baba yako hata mara moja.

Habari za nyumbani ni kwamba paa la jikoni linavuja tena, na baba yako amekataa kumwita fundi kwa sababu fundi wa mara ya mwisho alimwita "mzee".

Sasa nikuambie kilichonipata. Nilitoa picha ya ushindi wako, ile iliyotoka ukurasa wa mbele. Niliichukulia kioo cha kukuzia. Mpira uko kwenye fimbo na macho yako yako kwenye shimo, kama nilivyoandika. Lakini ukitazama mdomo, umeuma mdomo wa chini. Mtu anayejiamini haumi mdomo. Nikaanza kujiuliza kama kwa miaka minane nimekuwa nikisoma picha hiyo kichwa chini.

Nikampelekea Mzee Kofia. Tulikuwa tumekaa vizuri, anakunywa chai, anajisifu. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mtu anasukumaje mpira bila kuutazama?" Akaweka kikombe chini. Nikaendelea: "Na mtu huyo huyo anakosaje mpira wa karibu vile?" Akainuka. Hakwenda chooni wala hakuaga. Alihamia meza nyingine, akakaa akiwa ametazama ukuta. Nikamfuata. Akasema, "Dada, niulize habari ya kifundo, niulize habari ya mke wangu wa kwanza, niulize chochote. Hiyo hapana."

Nimewahi kufukuzwa na mbwa wa meneja wa timu, nimewahi kumwagiwa maji na kipa. Hakuna aliyewahi kunihamia meza. Unaona kwamba sasa siwezi kuacha.

Shangazi yako

30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Najua nimechelewa. Barua yako niliitia ndani ya mfuko wa fimbo, na kila nikitoa fimbo inatoka yenyewe. Poleni na paa.

Mzee Kofia hakukukimbia wewe. Alimkimbia Mgeni.

Ndivyo tunavyomwita, na hata hilo tunalisema kwa sauti ya chini. Mkono wa kulia, hapa kwenye kifundo, unaruka. Hautetemeki, kikombe kilichojaa naweza kukubebea mpaka upande wa pili wa mtaa. Unaruka mara moja tu, kama umeguswa na waya wa umeme, pale fimbo inapokaribia mpira. Mpira mrefu hauna shida naye. Anakuja kwenye ile mifupi ambayo hata mtoto angeiingiza, tena watu wakiwa wanatazama. Ukiwa peke yako hayupo. Ndiyo maana daktari hamwoni, na ndiyo maana ukimweleza mtu wa nje anakwambia ujipe moyo.

Sisi hatumtaji, na tukimwona kwa mwenzetu hatutazami. Yeye akiinama kusukuma, wewe unatazama viatu vyako, unatazama miti. Wachezaji wanaamini anaingia kwa macho. Nimeshawahi kuona watu watatu wakubwa, mabingwa, wamesimama kuzunguka shimo moja, kila mmoja anachunguza mawingu na mawingu hayakuwepo.

Siku ya Kombe alikuwa ameshanifikia. Niligundua kwamba nikitazama shimo badala ya mpira ananikosa. Kwa hiyo kujiamini ulikokuandika kulikuwa maficho. Gazeti ninalo bado, umeandika vizuri. Miaka miwili ile yote nilicheza nikiwa nimejificha nyuma ya ujanja huo, mpaka akanijulia.

Sasa shimo la mwisho. Nilikuwa nimesimama juu ya mpira, najua yupo. Nikainua macho nimtafute Baba. Hata neno moja nisingehitaji, ningemwona tu. Alikuwa amenipa mgongo. Shati la kahawia, mkanda wa mfuko begani. Mbele yake palikuwa na kichaka, hakuna cha kutazama. Wengine kunigeuzia mgongo nilishazoea. Lakini yule alifunga cherehani zake kwa ajili yangu, Shangazi. Alikuwa na duka lenye jina lake juu ya mlango. Nadhani pale alikuwa amechoka kulipia.

Hilo la Baba usilitie kitabuni. Na usimwulize.

Kijiti

8 Juni

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Asante kwa kuniandikia. Paa limezibwa, aliyepanda ni mama yako, baba yako alishika ngazi na kutoa maelekezo.

Ulisema nisimwulize, sikumwuliza. Nilimpelekea koti langu lililokatika kifungo. Nakuandikia nilichokiona na nilichokisikia. Maana yake uitafute mwenyewe.

"Kaka," nikasema, "nishonee kifungo."

"Mjini mafundi wameisha?"

"Wamejaa. Lakini mmoja ni kaka yangu."

"Aliyekuwa fundi ndiye kaka yako. Huyu hapa ni mgonjwa wa goti."

"Goti ndilo linaloshika sindano?"

Mama yako akacheka kule jikoni. "Leo amekupata!" akasema. Akaja anajifuta mikono, akafungua kibati cha sindano, akapitisha uzi kwenye tundu, akafunga fundo, akampa mumewe. Alifanya yote hayo bila kuombwa, kama mtu anavyomsogezea mwenzake chumvi. Baba yako akachukua sindano na koti, akainuka, akaenda kusimama kwenye pembe ya chumba, akanigeuzia mgongo.

"Mbona unanipa mgongo?"

"Natafuta mwanga."

Dirisha lilikuwa upande wangu. Kule alikokwenda kuna kabati.

Alikawia. Nilisikia akisonya mara kadhaa. Aliponirudishia koti kifungo kilikuwa mahali pake, na kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na tone la damu, akalifuta kwenye suruali haraka. Nikamshukuru. Akaniambia nyingine nipeleke kwa fundi. Mama yako alikuwa ameshatoka chumbani, na nilipotazama nilimwona amesimama mlangoni akichunguza dari, mahali ambapo paa halivuji.

Shangazi yako

21 Juni

Shangazi,

Rudia hapo kwa Mama. Anampitishia uzi tangu lini? Kabla sijaanza kucheza kwa kulipwa, au baada?

Mimi nimekulia chini ya meza ya duka lile na sikumbuki mara hata moja nilipomwona Baba akitia uzi. Nilidhani ndivyo maduka ya ushonaji yanavyofanya kazi.

Nijibu kwa njia ya haraka kuliko zote.

Kijiti

2 Julai

Kijiti mwanangu,

Kabla. Miaka mingi kabla.

Nilimwuliza mama yako tukiwa tunaanika nguo. Kwanza aliniambia mambo ya mume wake ni ya mume wake. Nikanyamaza nikaendelea kuanika. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko kuuliza. Tulipofika kwenye mashuka akasema mwenyewe.

Mkono wake ulianza kuruka kwenye uzi. Dukani akiwa peke yake sindano ilikuwa ikimtii. Mteja akiingia akasimama, mkono unaruka. Mama yako akaanza kuja dukani asubuhi na kumtilia uzi kwenye sindano nyingi, anazichomeka kwenye kile kimto chekundu, mchana kutwa baba yako anachukua iliyo tayari. Wewe ulidhani ni pambo. Kisha ukahamia kwenye pini. Kuna bwana harusi alikuja kupimwa suti akachomwa ubavuni, akaruka mpaka kwenye kioo. Akachomwa tena. "Mara ya pili alipiga yowe," mama yako akasema, "mpaka muuza viatu wa jirani akaja na nyundo." Tulicheka, samahani. Kisha akaacha kucheka. Mwezi huo huo wewe ukaamua kucheza kwa kulipwa, na baba yako akatangaza kwamba anafunga duka akubebee fimbo. Watu wote tukamsifu, na mimi nikiwemo.

Kumbe baba yako alikuwa amesimama nyuma ya shuka, anasikia. Nilidhani atakasirika. Akasogeza shuka pembeni kama pazia.

"Fimbo huzibebi kwa vidole," akasema. "Unazibeba kwa bega. Ndiyo maana."

"Kwa hiyo hukufunga kwa ajili yake?"

"Nilifunga kwa sababu nachoma watu. Yeye aliniokoa. Ningekaa wapi mchana kutwa?"

"Na siku ile, shimo la mwisho?"

Akanyoosha mkunjo wa shuka. "Niliuona mkono wake unaruka tangu Kombe lile la kwanza. Niliujua, ni huu wangu. Hao wachezaji wanasema unaingia kwa macho. Nani aliyemtazama kuliko mimi? Nimemtazama tangu yuko chini ya meza. Pale kwenye shimo nikasema, leo angalau nisimwongezee. Nikaondoa macho."

"Akaukosa."

"Akaukosa. Nami sikuuona hata ukikosa."

Nikamwuliza kwa nini hakukwambia, miaka sita yote. Akasema ana kwa ana midomo yenu nyote wawili haifunguki, nami nikakubali, nimewaona. "Na barua?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Nikishika kalamu, kwa mkono huu?" Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe ndiye mwandishi. Mwandikie."

Nimeandika. Maneno ni yake kama nilivyoyasikia.

Shangazi yako

25 Julai

Shangazi, shikamoo.

Natumaini nyumbani ni salama. Sikuandika mapema kwa sababu kila nilipoanza niliandika "Mpendwa Baba" na sikujua kinachofuata.

Miaka yote nilikuwa nikibeba duka lile, Shangazi. Kila mpira mfupi niliosimama juu yake, nilisimama na cherehani, na jina juu ya mlango. Kumbe duka lilikuwa limeshafungwa kwa sababu zake lenyewe. Sijui nicheke au nimwombe anirudishie jasho.

Nimecheka. Bwana harusi ndiye aliyenishinda.

Sasa nikujibu lile ambalo hukuniuliza, kwa sababu hukujua uulize: nimerudije? Nimehama mkono. Mipira mirefu napiga kulia kama zamani. Nikifika kwenye shimo nachukua fimbo ya watu wa kushoto, nageuka upande wa pili na kusukuma kwa mkono ambao Mgeni hajawahi kuutembelea. Kocha Bundi aliniambia nianze nyumbani: mswaki kushoto, kijiko kushoto, funguo kushoto. Wiki za mwanzo nilikuwa nikipiga mswaki pua. Pia ananilazimisha nisiufuate mpira kwa macho. Ukishauachia, unatazama pale ulipokuwa, kwenye nyasi tupu, unangoja kusikia. Ukisikia unagonga chini ya shimo, umeingia. Usiposikia, hapo ndipo unainua kichwa ukatafute. Kwa hiyo mipira yangu yote mizuri siku hizi naisikia tu, siioni.

Mwambie Baba kwamba Mgeni haambukizwi kwa macho. Kocha amewatazama wengi walio naye, bila kupepesa, na mkono wake ni jiwe. Na umwambie ajaribu kushoto.

Mchujo unaanza wiki ya pili ya Septemba. Simwaliki, asije akaona amelazimishwa. Ila uwanja huu uzio wake ni mfupi, hata mwenye goti anaweza kuona kwa ndani.

Kijiti

14 Agosti

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Kwenye kifurushi hiki kuna suruali yako ya kuchezea, ile ya kijivu uliyoiacha nyumbani imekatika kifungo. Utaona kifungo kimeshonwa. Utaona pia kwamba kimekaa upande, na uzi uliotumika ungetosha kushona hema. Usimrekebishie.

Nyumba imekuwa kituko. Baba yako amehamia kushoto kwa kila kitu. Chai anaimwaga, mlango anaufungua kwa kuugombeza. Mama yako anasema amekosa kitu kimoja tu, mtu wa kuwapigia picha. Lakini juzi nilikuwa nimekaa mbele yake, nimemkodolea macho makusudi, na uzi aliupitisha mwenyewe. Alitumia muda ambao mimi ningeandika ukurasa mzima. Ulipopita akainua kichwa. Aliniangalia tu kuona kama nimeona.

Kuhusu mchujo, mimi nakuja, kazi ni kazi. Baba yako anasema atanisindikiza kwa sababu barabara ile anaijua, na kwamba atabaki kwenye gari.

Shangazi yako

19 Septemba

Kijiti mwanangu,

Siku ile mlivyokuwa mmezungukwa na watu, na mimi basi la kurudi linapiga honi kwa sababu gari la baba yako liligoma kuwaka, sikuweza kukuuliza. Nimekaa kuandika sura yako na nimekwama.

Nina haya. Ulifika shimo la mwisho ukiwa wa tano, pamoja na msichana mwenye kofia ya njano aliyekwisha kumaliza na kukaa kivulini anakungoja ukosee. Ukiingiza, nafasi ya tano ni yako peke yako. Ukikosa, mnarudia naye shimo jingine. Mpira wako ulikuwa umesimama umbali mfupi kuliko mwavuli wangu. Mwavuli nilikuwa nao, nimepima kwa jicho. Uligeukia upande wa kushoto. Wachezaji wenzako wawili wakaanza kutazama miti.

Baba yako alikuwa ameshatoka kwenye gari. Alifika kwenye kamba tangu shimo la kumi na nne, akajificha nyuma ya mwanamume mnene. Ulipoinama, yule mnene akasogea, naye akabaki wazi. Nikaona bega lake limeanza kugeuka. Bega tu. Mama yako, tuliyekuja naye, akamshika mkono wa shati, hakumvuta, akamshika. Bega likarudi. Akatazama mbele, macho wazi, mdomo wa chini ameuuma kama wewe kwenye ile picha.

Nikasikia mpira unagonga chini ya shimo. Nikasikia watu. Kisha wewe ukainua kichwa, ukamtafuta, ukamwona uso.

Nilichosikia baadaye pale kambani ni hiki tu. Baba yako: "Kifungo kimelegea." Wewe: "Kimelegea tangu shimo la pili, nimecheza nimekishika." Yeye: "Vua nikishone." Wewe: "Hapa mbele za watu, Baba?" Mama yako ndiye aliyewacheka mpaka akakaa chini.

Shida yangu ni hii. Kila sura ya kitabu ina mkwaju wenyewe. Wa Mzee Kofia nimeueleza ulivyopinda. Wa kwako nilisimama mahali pazuri kuliko waandishi wote, na sikuuona. Nilikuwa nikimtazama kaka yangu. Haijawahi kunitokea. Basi nisaidie: mpira ulipita kulia kwa shimo ukarudi, au uliingia katikati? Ulisita ukingoni?

Shangazi yako

27 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Simu nimeitoa kwenye droo, ila hili nimeona niliandike.

Sijui ulivyoingia. Nilikuwa nikitazama nyasi tupu, kama nilivyofundishwa, nangoja kusikia. Mama nimemwuliza, anasema alikuwa akitazama mkono wa shati. Wale wenzangu walikuwa kwenye miti.

Muulize Baba. Yeye peke yake ndiye aliyeuona.

Kijiti